Sumu Izibayo Mafigo



Katika nyumba yenye watoto, kuhara ni maradhi yaliyozoewa. Mtoto huharisha leo, hunyweshwa maji yenye chumvi na sukari, na baada ya siku chache huonekana akicheza uani. Lakini iko namna moja ya kuhara ambayo mwisho wake si tumboni, bali ni katika mafigo. Hiyo ndiyo tupendayo kuieleza mwezi huu.

Kila figo lina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na kila kichujio ni fundo la vishipa vyembamba mno. Katika damu yote isukumwayo na moyo, kadiri ya sehemu moja katika tano hupitia mafigoni. Basi mafigo huishi kwa mwendo wa damu. Ukizuilika mwendo huo, kazi yao husimama.

Mwaka 1897 Kiyoshi Shiga, daktari wa Kijapani, aligundua kijidudu kimoja cha kuhara damu, na sumu ya kijidudu hicho ikaitwa kwa jina lake. Mwaka 1983, mjini Toronto, Kanada, Dk. Mohamed Karmali na wenziwe walionyesha kwamba bakteria wengine, namna ya Escherichia coli, hutoa sumu inayofanana na hiyo, na kwamba wamehusika na kusimama kwa mafigo ya watoto.

Sumu hii hutoka matumboni ikaingia damuni, nayo hushika chembe zilizotanda ndani ya vishipa vya mafigo. Chembe hizo huvimba na kubanduka. Hapo vigandishi vya damu hukusanyika kama vifanyavyo penye jeraha, na madonge madogo huziba njia. Chembe nyekundu zipenyazo hapo hukatikakatika. Ndipo mtoto anapopauka, mkojo ukapungua, na uso na miguu vikavimba. Jambo hili hutokea mara nyingi kiasi cha juma moja baada ya kuhara kuanza, wakati kuhara kwenyewe kunapopoa na wazazi wameanza kushukuru.

Bakteria hao hukaa matumboni mwa ng'ombe bila ya kumdhuru. Kwa hiyo wakati wa kuchinja, hasa siku za Idd nyama inapokatwa majumbani, matumbo yatengwe na nyama, na mikono na visu vioshwe kwa sabuni. Nyama ya kusaga yataka hadhari zaidi, kwani kilichokuwa juu husagwa kikaingia ndani. Kababu iliyoungua nje na ingali mbichi ndani haifai kuliwa. Maziwa nayo yachemshwe. Wala tusidhani kuwa hatari ni ya nyama na maziwa tu. Mwaka 2011, huko Ujerumani, watu karibu 4,000 waliugua na zaidi ya 50 wakafa. Waliochunguza waliona chanzo kuwa ni mbegu za uwatu zilizooteshwa na kuliwa mbichi.

Mtoto akihara damu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asipewe dawa ya kufunga tumbo, maana huichelewesha sumu ndani. Wala tusimnunulie dukani dawa za kuua bakteria kwa kukisia: kwa namna moja ya kuhara damu ndizo zifaazo, na kwa namna hii tuliyoieleza zaweza kuzidisha madhara. Mwenye kupambanua ni daktari.

Na kuhara kukikoma, tusiache kumwangalia. Kwa muda wa majuma mawili mama na aulize kila siku: je, mwanangu amekojoa kama desturi yake? Jibu likiwa la, asingoje kesho. Watoto wengi wa maradhi haya hupona, hata waliohitaji kusafishwa damu kwa mashine. Lakini hupona zaidi yule aliyefikishwa mapema.