Teke la karate si la vidole

Vijana wengi mitaani hujifunza mateke kwa kuiga filamu, na hapo ndipo vidole vya miguu huanza kuvunjika. Katika teke la mbele, vidole huvutwa juu na mpigaji akagonga kwa sehemu nene ya wayo iliyo chini yake. Teke la ubavu ni la kisigino au ukingo wa wayo.

Balaa ni teke la kuzungusha. Wengi hulipiga kwa sehemu ya juu ya mguu, pale kamba za kiatu hufungwa, kwa vile hufika mbali. Lakini hapo pana mifupa mitano myembamba isiyo na nyama juu yake. Ikikutana na kiwiko cha mpinzani, kiwiko hushinda. Mabondia wa Thailand hutumia muundi, mfupa mnene. Katika taekwondo muundi hauhesabiwi pointi, ila wachezaji huvaa kinga.

Kwa maoni yangu, mwalimu anayewapiganisha watoto bila kinga hastahili karo yao. Mzazi, ingia ukumbini utazame kabla ya kulipa. Na mtoto akirudi na mguu uliovimba asioweza kuukanyagia, usimkande. Mpeleke hospitali apigwe eksirei.