Mhusika tunamwelewa, jirani tunamhukumu



Ukitaka kusikia watu wakichambua moyo wa binadamu, nenda saluni au panda daladala asubuhi, baada ya sehemu mpya ya tamthilia kuonyeshwa usiku. Utasikia hoja nzito. “Yule mama si mbaya, alitelekezwa akiwa na mtoto mchanga.” “Hapana, ni tamaa ya mali tu, tangu mwanzo alikuwa anamvizia yule mzee.” Mwingine anakumbusha jambo lililotokea wiki tatu zilizopita, kwamba hilo ndilo chanzo cha yote. Wa nne anasema tusubiri, bado hatujaona mwisho.

Wapo wahubiri wanaosema huo wote ni upuuzi. Mimi sisemi hivyo. Kama tamthilia inakula muda wa sala ya familia, basi runinga izimwe. Lakini kujiuliza kwa nini mtu ametenda alivyotenda ni jambo jema. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa hadithi, na hadithi zake zinatuachia swali hilohilo. Soma Luka 15. Je, mwana mpotevu alirudi nyumbani kwa toba ya kweli, au njaa ndiyo iliyomrudisha? Mwinjili hafichi kwamba kijana yule alianza kwa kuwafikiria vibarua wa baba yake walioshiba, wakati yeye hana kitu tumboni. Mtaweza kubishana hapo hadi jioni.

Linalonisumbua ni kwamba uvumilivu huu wote unaisha runinga inapozimwa. Mhusika wa tamthilia tunampa muda, tunakumbuka alikotoka, tunangoja sehemu inayofuata. Jirani tunamhukumu kwa tukio moja, tena tulilosimuliwa.

Naifahamu jumuiya ndogondogo moja ambamo mama mmoja alianza kukosa sala za kila wiki, kisha akaacha kutoa michango. Maneno yakaanza: tangu mwanawe apate kazi mjini, anatuona sisi si kitu. Siku alipofiwa na mumewe, wanajumuiya waliofika walihesabika kwa vidole. Ni msibani hapo ndipo ilipojulikana kwamba mume aliugua miezi mingi, na alikuwa amemwomba mkewe asimwambie mtu. Mama yule alikuwa akimgeuza kitandani usiku kucha, na kila shilingi ilikwenda kwenye dawa. Angekuwa mhusika wa tamthilia, kamera ingeingia chumbani na watu wangelia naye. Kwa kuwa alikuwa jirani, mlango ulifungwa, na watu wakajitungia wenyewe yaliyokuwamo ndani.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inataja makosa matatu dhidi ya heshima ya mtu: kumhukumu haraka bila msingi wa kutosha, kutangaza makosa yake bila sababu ya haki, na kumsingizia. Angalieni kwamba kosa la kwanza linaweza kufanyika moyoni tu, kabla mdomo haujafunguliwa. Namba inayofuata inamtaja Mtakatifu Inyasi wa Loyola, aliyefundisha kwamba Mkristo mwema awe tayari zaidi kuyapokea maneno ya mwenzake kwa maana njema kuliko kuyalaani. Asipoelewa, amuulize mwenyewe.

Hii haina maana kwamba uovu uitwe wema. Anayempiga mkewe azuiwe, na anayekula fedha za kikundi azirudishe, hata kama ana historia ya kusikitisha. Tendo tunaweza kulipima. Moyo, kama Samweli alivyofundishwa alipokwenda kumtafuta mfalme nyumbani kwa Yese, unaonekana na Mungu.

Tena, hadithi ina kazi nyingine ambayo mara nyingi tunaikwepa. Katika 2 Samweli 12, Daudi amekwisha kumtwaa mke wa Uria na kumfanya Uria auawe vitani. Nabii Nathani hakuanza kwa kumkemea. Alimsimulia habari za tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang’anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira, akatamka kwamba tajiri huyo anastahili kufa. Uchambuzi wake ulikuwa sahihi kabisa. Ndipo Nathani akamwambia kwamba tajiri huyo ni yeye. Basi tunapomlaani mama mkwe mkorofi wa kwenye runinga, tuulize pia mkwe wetu wa jikoni anaishije.

Turudi kwa baba wa mwana mpotevu. Kijana alikuwa amejiandalia maneno ya kusema, lakini baba alikimbia na kumkumbatia kabla hajayasikia, wala hakumwacha ayamalize. Hakumhoji kama ni toba au njaa. Aliyebaki nje akipima mwenendo wa mwenzake ni kaka mkubwa, na hadithi inaisha bila kutuambia kama aliingia.

Wiki hii, mchague mtu mmoja ambaye mmekwisha kumjadili sana nyumbani au katika jumuiya. Nendeni mkamsalimie, mkae, mumsikilize. Pengine mmeona sehemu moja tu ya maisha yake.