Gari la Jua Mikononi mwa Mwanafunzi

Watoto wa Gitega na Muyinga, kama wenzao wa Afrika Mashariki yote, wamezoea tangu zamani kujiundia magari ya kuchezea kwa waya, makopo na kandambili zilizochakaa. Gari hilo husukumwa kwa kijiti, nalo husimama mtoto anapochoka. Zipo nchi ambako wanafunzi wameongeza juu ya mchezo huo paneli ndogo ya jua na mota. Katika jimbo la Victoria, Australia, magari hayo hushindanishwa kwenye njia yenye umbo la tarakimu 8. Marekani hukimbizwa mita 20 kwa mstari ulionyooka, yakiongozwa na waya.

Mashindano ya namna hiyo yastahili kuingizwa katika shule za Burundi. Gitega ndiko kuliko na kituo cha umeme wa jua cha Mubuga, chenye uwezo wa megawati 7.5, kilichofunguliwa mwaka 2021. Uganda nayo ilionyesha hadharani basi la Kayoola, lenye paneli juu ya paa, mwaka 2016. Ama faida ya kuwa na chombo kisichohitaji petroli, wazazi waliopanga foleni mwaka 2024 hawana haja ya kuelezwa.

Mwanafunzi aanze kwa hesabu. Jua la saa sita mchana, mbingu ikiwa safi, humwaga kama wati 1,000 juu ya kila mita moja ya mraba. Paneli yenye upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 10 hupokea wati 10, na iliyo nzuri hugeuza sehemu ya tano tu kuwa umeme, yaani wati 2. Hizo ni chache kuliko wati 3 za dainamo ya baiskeli! Kwa hiyo ubao mzito haufai. Mabua, katoni na vifuniko vya chupa vyafaa zaidi. Mota ya redio ya kaseti iliyokufa huzunguka kasi mno lakini haina nguvu, hivyo hufungwa kapi dogo, na ekseli hufungwa kapi kubwa mara tano, kisha yaunganishwe kwa mpira. Kasi hupungua, nguvu ya kusukuma huongezeka, na gari huondoka.

Hapa yafaa kuonya juu ya kuiga bila kufikiri. Mji wa Melbourne uko nyuzi 38 kusini mwa ikweta, kwa hiyo huko paneli huinamishwa kuelekea kaskazini. Gitega iko nyuzi 3 na kidogo tu. Mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana husimama juu ya utosi, na hata mwezi wa Juni, linapoegemea kaskazini, paneli iliyolazwa hupoteza yapata sehemu moja tu katika kumi. Paneli na ilazwe. Jambo la kuogopwa ni kivuli. Vipande vya paneli huunganishwa kwa mfuatano, kama askari wanaopokezana ndoo za maji. Mmoja akisinzia, safu nzima hukwama. Jani moja la mwembe laweza kulisimamisha gari.

Lakini kuna hatari kubwa kuliko kivuli, nayo ni baba mwenye fedha. Akinunua gari lililokamilika, mwanawe atashinda pasipo kujua lolote, na mtoto wa konstebo, aliyehangaika juma zima na makopo yake, atarudi nyumbani kichwa chini. Heri shule itoe paneli na mota za aina moja kwa wote, na kila mshindani asimame mbele ya waamuzi aeleze kwa kinywa chake kwa nini alichagua kapi lile. Asiyeweza kueleza apunguziwe alama, hata gari lake likitangulia. Wala taa ya jua ya nyumbani isibomolewe kwa ajili ya mbio. Mama ataihitaji jioni.

Baba arudipo kutoka lindoni, aombwe saa yake tu. Mita 20 zipimwe uani kwa kamba, mtoto aachie gari, sekunde ziandikwe daftarini. Kisha abadilishe kapi, apime tena.