Ukiipeleka Familia Ziwani, Usiiache Mezani

Kuna akina baba ambao hupanga matembezi ya Jumapili kwa nia njema kabisa. Watoto huvishwa nguo zao nzuri, mama huamka alfajiri kumaliza kazi za nyumbani, na safari ya kwenda ziwani ikaanza. Wafikapo huko, baba huagizia kila mtu soda, kisha husema anakwenda mara moja tu kuwasalimu marafiki. Salamu hizo huisha saa kumi na mbili jioni.

Msomaji mpendwa, huenda unamjua bwana kama huyo. Pengine unaishi naye. Leo basi nataka tuzungumzie matembezi ya aina hii, na mfano wetu uwe Dunga, kule Kisumu.

Dunga ni ufuo wa wavuvi ulio karibu na jiji, kwenye Ghuba ya Winam. Boda boda au tuktuk itakufikisha upesi. Hapo pana kinamasi cha mafunjo chenye ndege wa kila namna, pana mashua na nyavu, na pana akina mama wanaokaanga samaki. Mtoto wa mjini ambaye amezoea kumwona samaki kwenye sahani tu atajifunza mengi kwa kutembea hatua chache.

Ukifika, anza na chakula. Wengi hutaka ngege au mbuta. Usikae na kungoja uletewe chochote. Nenda umchague samaki wako kabla hajatiwa mafutani. Macho yake yawe maangavu na mashavu yake yawe mekundu ndani. Uliza pia alikovuliwa, kwa sababu siku hizi nchini mwetu huuzwa hata samaki walioganda kutoka Uchina. Kisha mpatane bei papo hapo, pamoja na ya ugali na mboga. Kupatana mapema huzuia ugomvi wakati wa kulipa.

Samaki mkubwa akikaangwa na kisha kutokoswa kwa nyanya na vitunguu huchukua muda. Muda huo ndio wa kutembea na watoto ufuoni. Waeleze kwamba mbuta si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliingizwa humo katika miaka ya 1950, akawala samaki wadogo wa asili hata aina nyingi zikatoweka. Lakini ndiye pia aliyewapa watu wengi biashara. Hadithi kama hiyo haitoki kinywani mwa baba aliyeketi baa.

Mkitaka kupanda mashua, pandeni asubuhi kabla ya upepo wa alasiri kuchafua maji. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, hata mtoto anayelia kwamba linambana. Jioni msizurure kando ya maji, kwani giza likiingia viboko hutoka kula nyasi, na kiboko hana mzaha.

Sasa tuje kwenye chupa. Sisemi mtu mzima asinywe bia yake. Lakini Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho, hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kuingia mahali pa kunywea pombe. Kwa hivyo baba anayehamia baa huwa amejitenga na watoto wake, na kwa kuwa watoto hawawezi kuachwa peke yao, huwa amemfungia mama nje vilevile.

Mama huyo ndiye anayebaki kuwanawisha watoto, kuwatolea miiba, kuwapeleka msalani na kuwazuia wasikimbilie majini. Mara nyingine ndiye anayelipia samaki kutoka katika mkoba wake. Yeye naye alitoka nyumbani apumzike. Je, hayo ni mapumziko au ni kuhamisha kazi za jikoni hadi ziwani?

Nawashauri hivi. Kabla ya kuondoka nyumbani, bwana na bibi wahesabu pesa pamoja. Nauli ya kurudi iwekwe kando, na pesa za chakula ziwekwe kando. Kitakachobaki ndicho cha vinywaji. Atakayeendesha gari asiguse kileo hata kidogo, si kwa kuogopa alkoblo ya polisi, bali kwa sababu amebeba watoto wake mwenyewe.

Na baa je? Baa itangoja siku nyingine. Watoto wakipata wa kuwaangalia, bwana amchukue mkewe waende wawili, waketi mahali penye upepo wa ziwa walitazame jua likizama. Kuna wake wengi ambao hawajatoka na waume zao namna hiyo tangu mwaka wa harusi.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mvulana anayemwona baba yake akimtolea mdogo wake miiba mezani atajua kazi hiyo si ya mama peke yake. Na yule anayemwona akitoweka kila Jumapili atajifunza kutoweka.