Pikipiki Juu ya Fuso si Aibu

Vijana wa steji za boda za Nkoma, hapa Mbale, maneno yangu leo ni kwenu, na naanza na jambo mnalolicheka. Kila Krismasi inapokaribia, na kila Agosti ya mwaka shufwa Imbalu, tohara ya Wagisu, inapofunguliwa pale Mutoto, hufika Mbale malori kutoka Jinja na Kampala, na juu ya katoni za sabuni na magunia ya bidhaa zimefungwa pikipiki za ndugu zetu wanaopiga boda huko. Mwenye pikipiki akianza kufungua kamba, steji humpokea kwa kebehi. Pikipiki hupandwa, haipandishwi! Au ulinunua ng'ombe? Na hakosi mmoja mwenye ulimi mkali kuliko wote, wa kumwuliza kama kweli siku yake alisimama mbele ya kisu.

Nasema kicheko hicho kikome. Wa kuulizwa maswali ni yule aliyetoka Jinja saa nne usiku baada ya kubeba abiria kutwa nzima, akafunga godoro kwenye keria, akampakia mdogo wake juu ya godoro, akafika Nkoma alfajiri macho mekundu. Huyo ndiye tunayemshangilia na kumnunulia chai.

Hebu tuitazame njia yenyewe. Jinja hadi Mbale kwa kupitia Tirinyi ni kilomita 150 hivi. Mpaka Iganga unabanana na matrela ya Mombasa, maana hiyo ndiyo njia kuu ya mizigo itokayo huko kwenda Kampala, Rwanda na Kongo ya mashariki. Busoga ni nchi ya miwa tangu kiwanda cha sukari cha Kakira kilipoanza kusaga, na trekta linalovuta tela la miwa gizani mara nyingi halina hata taa moja ya nyuma. Unaliona pale ambapo breki haisaidii tena. Ukikata kushoto Nakalama matrela yanapungua, lakini hapo ndipo usingizi unapokungojea. Barabara imenyooka, bonde la Mpologoma linatoa baridi ya kuingia mifupani, mabasi ya usiku yanakuja na taa kali, na ng'ombe wa Namutumba hawajui saa. Dereva wa gari akisinzia ana bodi na mkanda. Mwenye pikipiki ya Boxer ana jaketi.

Polisi wa Uganda walihesabu zaidi ya watu 5,000 waliokufa barabarani mwaka 2024, na sehemu kubwa ya watu hao ni wa pikipiki, waendeshaji na waliobebwa. Asiyeamini hesabu za Kampala aende wodi ya mifupa ya Hospitali ya Rufaa ya Mbale, akawatazame wenzake waliolala na miguu imening'inizwa kwa vyuma, mama zao wakiwalisha uji kwa kijiko.

Sasa nirudi kwenye lile swali la kisu, kwa sababu ndilo linalowapeleka vijana barabarani usiku. Mgisu anayetahiriwa husimama uani kwao, fimbo mabegani, uso umepakwa unga, na ukoo mzima unamtazama asipepese jicho. Ni jambo la dakika chache. Lina wakati wake na mashahidi wake, na likiisha limeisha. Hakuna anayeitwa tena kesho kusimama upya. Mzee gani wa Bugisu amewahi kusema kwamba aliyetahiriwa sharti ashindane na tela la miwa? Ujasiri wa uani ulikuwa na kazi, kumtoa mtoto utotoni. Ujasiri wa kuendesha usiku kucha na usingizi machoni hauna kazi yoyote, na mara nyingi hauna hata shahidi, isipokuwa mchunga ng'ombe anayeokota kofia ya chuma asubuhi. Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Basi afadhali tucheke.

Ugomvi huu haupo kwetu tu. Katika mji mdogo wa Sturgis, jimbo la South Dakota huko Marekani, waendesha pikipiki wamekuwa wakikusanyika kila Agosti tangu 1938, isipokuwa wakati wa vita. Siku hizi huja mamia ya maelfu. Wengi wao huja na Harley-Davidson zao zimefungwa kwenye trela nyuma ya gari, wakazishusha karibu na mji, wakavaa ngozi nyeusi na kuingia kwa mngurumo kana kwamba wametoka mbali. Waliokuja kwa magurudumu mawili tangu nyumbani huwadharau, na mimi siwalaumu wenye dharau hiyo. Mwenye Harley amenunua safari. Akiiacha safari, amebaki na mngurumo. Hata hapa kwetu wapo waungwana wa Kampala wenye pikipiki kubwa zilizoundwa kuvuka mabara, wanaozileta kwa pikapu hadi Sipi, wakapiga picha mbele ya maporomoko na kuzipandisha tena. Hao wachekeni mpendavyo. Wana pesa ya mafuta, wana nafasi ya kusafiri mchana, na lami ya Kapchorwa ni nzuri.

Lakini kijana wa boda hana deni la kilomita kwa mtu. Ameendesha mwaka mzima, mvua na jua, na pikipiki ile ndiyo karo ya watoto. Wengi wenu bado mnailipia mkopo kila wiki. Ukivunjika paja kule Namutumba utalala miezi, na aliyekukopesha hatalala hata Jumatatu moja.

Mtaniambia lori ni ghali. Sikatai. Boxer hunywa lita nne au pungufu kutoka Jinja hadi hapa, na lita ikiwa kama shilingi 5,000, hiyo ni kama 20,000 tu. Nauli ya lori ukijumlisha na ya taksi yako wewe itapita hapo. Ila lipo jambo ambalo wenyeviti wa steji wangeweza kulifanya na hawalifanyi. Malori ya Mbale hupeleka Kampala matoke, vitunguu na kabichi yakiwa yamejaa, na yanaporudi mengi huwa na nafasi tele. Lori moja la Fuso huchukua pikipiki kumi na zaidi bila taabu. Vijana wa Nkoma walioko Jinja wakikubaliana siku moja, wakamwendea dereva pamoja badala ya kila mmoja kubembeleza peke yake barabarani, bei itashuka. Chama cha steji kinachoweza kuchanga pesa za msiba kinaweza kuchanga za lori, tena mapema.

Na mkipakia, pakieni kama watu wanaoijua mashine. Nimeona pikipiki zimelazwa juu ya magunia kama maiti. Ikilazwa, petroli huvuja, na maji ya betri yakimwagika hula rangi na chuma. Isimame kwa magurudumu yake, gurudumu la mbele likiegemea ubao wa mbele wa bodi, gia ya kwanza ikiwa imeingia. Petroli ibaki kidogo tu tangini na koki ifungwe. Stendi ya pembeni ikunjwe, kwa sababu lori likidunda shimoni uzito wote huangukia hapo. Kamba ziwe nne: mbili kutoka kwenye usukani zivutwe chini mpaka shoki za mbele zibonyee nusu, na mbili kutoka nyuma, kila moja upande wake. Mipira ya tyubu kuukuu tunayofungia mizigo haitoshi peke yake. Huvutika, na kila shimo huilegeza zaidi. Panapogusa kamba wekeni kipande cha gunia. Vioo vifunguliwe, mvibebe wenyewe.

Jambo moja nalikataza kabisa, ingawa najua linapendwa kwa sababu linaokoa nauli: kukaa juu ya pikipiki yako humo ndani ya lori ili uilinde. Lori likipinduka na pikipiki kumi, wa kwanza kuuawa na mashine ni yule aliyekaa katikati yake. Dereva awe na orodha ya namba za pikipiki, kadi zake ziwe mifukoni mwenu askari wa vizuizi vya barabarani wakiuliza, nanyi pandeni taksi mlale mpaka Kamonkoli, mkiwa mmekaribia Mbale. Na bei mpatane Jinja kabla ya kamba ya kwanza kufungwa, ya kupakia pamoja na ya kushusha, maana wapakuzi wa Mbale wakikukuta saa kumi na moja alfajiri huna wa kukusaidia, watakutajia yao.