Kiranja awe mtangulizi, si mpelelezi

Kila mwaka shule zetu za upili huandaa hafla ya kuwaapisha viranja wapya. Beji hubandikwa vifuani, mwalimu mkuu hutoa nasaha, nao wanafunzi hupiga makofi. Ni sherehe njema. Hata hivyo, ni nadra sana kuulizwa swali la kimsingi: kijana huyu amepewa cheo ili amtumikie nani?

Mimi ni mwalimu wa isimu, na aghalabu huanza kutafuta majibu katika maneno yenyewe. Neno prifekti tumelipata kwa Waingereza, nao asili yake ni Kilatini, ambako lilimaanisha mtu aliyewekwa mbele ya wengine kwa amri ya mkubwa. Monita nalo latokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuonya. Kiswahili kina neno lake, kiranja. Kabla ya kuingia darasani, neno hili lilikuwa la jandoni. Kiranja ni mvulana aliyetangulia wenzake kutahiriwa. Heshima yake haikutokana na fimbo mkononi, bali na kukikabili kisu kabla ya wengine.

Waama, shule zetu zilikopa neno la jandoni lakini zikabaki na desturi ya Waingereza. Desturi hiyo ilipata nguvu katika shule ya Rugby, Uingereza, ambako Thomas Arnold, mwalimu mkuu kuanzia 1828 hadi 1842, aliwapa wanafunzi wa darasa la juu mamlaka ya kuwatawala wadogo wao. Ilipoletwa katika makoloni, iliafikiana vyema na utawala uliozoea kuwatumia wenyeji wachache kuwasimamia wenyeji wengi.

Nakiri kwamba nami niliwahi kushika cheo hicho. Mwaka 1995, nikiwa monita wa kidato cha pili, nilikabidhiwa daftari la kuandika majina ya waliopiga kelele na ya waliozungumza lugha ya mama. Jioni moja nilimwandika rafiki yangu wa dawati moja, aliyeninong'oneza kwa lugha ya kwao kwamba alikuwa mgonjwa. Asubuhi alichapwa. Hakunilaumu, lakini hakuninong'oneza tena neno lolote hadi tulipomaliza shule. Mwalimu alinisifu kwa uaminifu. Leo najiuliza, uaminifu kwa nani?

Wapo waliolipa gharama kubwa mno kwa uhasama wa namna hii. Mwezi Mei 1999, viranja wanne wa Shule ya Upili ya Nyeri waliteketezwa kwa moto usiku na wanafunzi wenzao, wakafa. Hakuna udhuru wowote wa unyama ule. Lakini taifa lililowazika vijana wale lilipaswa kujiuliza ni vipi mtoto huwekwa kati ya utawala na wenzake, akachukiwa kwa niaba ya watu wazima.

Tangu wakati huo, mengi yamebadilika. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Mwaka 2009 liliundwa baraza la kitaifa la wanafunzi wa shule za upili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi kiti katika bodi ya usimamizi wa shule. Hayo ni maendeleo ya kupongezwa. Lakini sheria ni jambo moja na desturi ni jingine. Zingali zipo shule ambako wanafunzi hupiga kura, kisha majina yakaingia ofisini na kutoka yamebadilika. Mtoto anayefundishwa hivyo akiwa na miaka kumi na sita, tutamshangaaje akiidharau kura akiwa mtu mzima?

Walimu watanijibu kwamba wao ni wachache na wanafunzi ni wengi, na kwamba bila viranja bweni halilaliki. Nakubali. Kengele lazima ipigwe, ukumbi ufagiliwe na foleni ya chakula isimamiwe. Lakini kusimamia kazi si kupeleleza watu. Tazama nahodha wa kandanda: hukimbia uwanjani pamoja na wenzake, na wakifungwa, naye amefungwa. Tazama katibu wa chama cha Kiswahili au mwenyekiti wa mdahalo: hafuatwi kwa kuogopwa, bali kwa sababu ndiye wa kwanza kusimama na kuzungumza. Hao ndio viranja kwa maana ya asili ya neno.

Basi walimu wakuu na wafanye mambo matatu. Kwanza, kura ihesabiwe mbele ya wapigaji wake na matokeo yaheshimiwe. Pili, kiranja asipewe mamlaka ya kuadhibu wala daftari la siri. Tatu, mwakilishi wa wanafunzi aitwe katika kila kikao cha bodi, asikilizwe, na arudi kuwaeleza wenzake yaliyoamuliwa.

Samaki mkunje angali mbichi. Tukimkunja kijana awe mchongezi, tusilalamike baadaye kwamba tumekosa viongozi wa kututangulia penye kisu.