Kete Moja ni Kiasi Gani? Kiswahili na Utunzaji wa Takwimu za Kimataifa za Dawa za Kulevya

1.0 Utangulizi

Takwimu za magendo ya dawa za kulevya duniani hukusanywa kwa utaratibu ambao msingi wake ni mikataba mitatu ya Umoja wa Mataifa, yaani ule wa 1961, wa 1971 na wa 1988. Nchi zilizoridhia mikataba hiyo hutakiwa kujaza hojaji kila mwaka na kuipeleka Vienna, yaliko makao ya Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu. Majibu ya hojaji hizo ndiyo yanayolisha Ripoti ya Dunia ya Dawa za Kulevya, iliyoanza kutolewa mwaka 1997. Aidha, Ofisi hiyo huendesha jukwaa la mtandaoni ambalo huonyesha katika ramani matukio ya ukamataji wa dawa hizo, moja baada ya jingine: tarehe, mahali, aina ya dawa na uzito wake. Taarifa za jukwaa hilo hutoka serikalini na pia katika vyanzo vya wazi, vikiwemo vyombo vya habari.

Utunzaji wa kanzidata ya namna hii umezoeleka kuhesabiwa kuwa kazi ya wataalamu wa kompyuta, wanatakwimu na maafisa wa polisi. Makala haya yanadai kuwa ni kazi ya wanaisimu pia. Kwamba sehemu kubwa ya makosa yanayoweza kuingia katika takwimu za Afrika Mashariki huanzia katika neno kabla hayajafika katika tarakimu. Na kwamba idara za Kiswahili, ambazo zina ujuzi unaohitajika, zimeiacha kazi hii bila sababu ya kutosha.

2.0 Neno kabla ya tarakimu

Mfano ulio wazi kuliko yote ni neno kete. Katika lugha ya kawaida kete ni kauri, na pia ni kile kinachochezewa katika mchezo. Ni kitu cha kuhesabiwa, si cha kupimwa. Sifa hiyo ndiyo neno lilikwenda nayo lilipoingia katika biashara ya dawa za kulevya, na ndiyo inayoleta utata. Gazeti likiandika kwamba msafiri amekamatwa uwanja wa ndege akiwa amemeza kete 80 za heroini, kete hizo ni vifurushi vilivyofungwa kwa plastiki, kila kimoja kikiwa na takriban gramu 10. Gazeti hilohilo likiandika kesho yake kwamba kijana amekamatwa kijiweni akiwa na kete 80, kete hizo ni vipakiti vya rejareja, ambavyo kila kimoja hakifiki gramu moja. Keshokutwa litaandika juu ya kete 80 za bangi, nazo ni majani yaliyofungwa katika karatasi. Neno ni moja, idadi ni moja, lakini tukio la kwanza ni gramu 800 na la pili halifiki gramu 80.

Mwingiza takwimu aliye mbali, mwenye tafsiri ya Kiingereza tu mbele yake, hana njia ya kujua ni kete ipi inayosemwa. Akikisia, kisio lake litageuka kuwa kilo. Kilo zitajumlishwa na kilo nyingine. Na jumla itachorwa katika ramani ambayo msomaji hataona tena kwamba chini yake palikuwa na neno lisiloeleweka.

Neno unga lina tatizo la namna nyingine. Pwani ya Kenya na Tanzania unga kwa kawaida ni heroini. Hata hivyo, mtu anayeitwa muuza unga katika vichwa vya habari anaweza kuwa ameshtakiwa kwa kokeini. Dawa hizi mbili hazina asili moja wala njia moja. Heroini inayopita katika mwambao wa Afrika Mashariki asili yake ni kasumba ya Afghanistan, nayo husafirishwa kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan. Kokeini hutoka Amerika ya Kusini. Mwenye kukosea hapa amekosea bara zima. Hatari hii imeongezeka kwa kuingia methamfetamini katika njia ileile ya majahazi. Mnamo Desemba 2023 mamlaka ya Tanzania ilitangaza kukamatwa kwa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini. Jumla hiyo ilikuwa habari kubwa, lakini jumla pekee haiwezi kuingizwa katika kanzidata, kwa kuwa kanzidata huuliza kila dawa peke yake. Mwandishi anayeziita zote unga amefuta tofauti ambayo mkemia alikwisha kuithibitisha.

Mfano wa tatu ni jani ambalo Kenya huitwa hasa miraa na Tanzania hasa mirungi. Mmea wenyewe haumo katika orodha za mikataba ya kimataifa, ingawa kathinoni na kathini, viambato vyake viwili, vimo katika orodha za mkataba wa 1971. Nchini Kenya miraa ni zao halali, na marekebisho ya sheria ya mazao ya mwaka 2016 yaliliingiza katika mazao yanayosimamiwa na serikali. Nchini Tanzania mirungi ni dawa ya kulevya kwa mujibu wa sheria. Uingereza, iliyokuwa soko kubwa la miraa ya Kenya, iliipiga marufuku mwaka 2014. Kwa hiyo ramani ya ukamataji itaonyesha nukta upande mmoja wa mpaka wa Namanga na ukimya upande wa pili. Msomaji asiyejua asili ya ukimya huo atadhani kwamba jani lipo Tanzania na Kenya halipo, ilhali hali ni kinyume: linalimwa huku, linakamatwa kule. Maneno haya mawili, ambayo kamusi huyataja kuwa visawe, katika takwimu yana hadhi mbili za kisheria.

3.0 Mahali na mwenye tukio

Utata hauishii katika jina la dawa. Mwezi Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini katika jahazi lililokuwa umbali wa maili za baharini zipatazo 27 kutoka Mombasa. Masafa hayo ni nje ya maili 12 za bahari ya taifa. Je, ukamataji huo uandikwe kuwa wa Kenya, wa Australia, au wa bahari isiyo na mwenyewe? Ukiandikwa kuwa wa Kenya, mwaka 2014 utaonekana kuwa mwaka ambao Kenya ilifurika heroini. Ukiachwa, shehena kubwa kuliko nyingi zilizowahi kukamatwa nchi kavu itatoweka katika hesabu ya eneo. Na ukiandikwa na wawili bila kulinganisha, kilo 1,032 zitakuwa 2,064. Kazi ya kutunza jukwaa, kwa sehemu kubwa, ni kazi hii isiyosifiwa: kutambua kwamba taarifa mbili zilizoandikwa kwa lugha mbili zinasema juu ya tukio moja.

Hali kadhalika, wanatakwimu wenyewe hukumbusha kila mara kwamba ukamataji haupimi magendo peke yake. Hupima pia bidii ya polisi. Nchi isiyokamata haionekani, na nchi inayojitahidi huonekana chafu. Ukumbusho huo una uzito zaidi sasa. Baada ya watawala wa Taliban kupiga marufuku kilimo cha mpopi mwezi Aprili 2022, eneo lililolimwa Afghanistan lilishuka kutoka hekta 233,000 mwaka huo hadi hekta 10,800 mwaka 2023. Wachunguzi wanaotaka kujua kama mshuko huo umefika Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam hawana budi kutegemea mabadiliko madogo ya takwimu za ukamataji. Mabadiliko madogo ndiyo yanayofunikwa kwa urahisi kabisa na neno lililotafsiriwa vibaya.

4.0 Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba mahakama haihukumu kwa kete bali kwa uzito uliothibitishwa na mkemia wa serikali, na hivyo utata wa mtaani hauna athari. Jibu ni kwamba hilo ni kweli kwa kesi iliyofika mahakamani, lakini si kweli kwa taarifa ya siku ya kwanza, ambayo ndiyo inayowahi katika vyombo vya habari na kutoka huko kuingia katika vyanzo vya wazi. Uzito wa mkemia huja baadaye, na mara nyingi hauandikwi tena gazetini.

Pingamizi la pili ni kwamba Kiingereza kimekwisha kuwa lugha ya kazi hii, na kwamba Kiswahili si miongoni mwa lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa. Makala haya hayadai kwamba Vienna ipokee hojaji kwa Kiswahili. Yanadai kwamba pale ambapo askari huandika maelezo kwa Kiswahili, shahidi husema kwa Kiswahili, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 mahakama za Tanzania zimepewa Kiswahili kuwa lugha yake, daraja baina ya maelezo hayo na safu za kanzidata lijengwe na watu wenye ujuzi wa lugha zote mbili. Kuiacha kazi hiyo kwa karani mwenye haraka si kuokoa gharama. Ni kuihamishia gharama kwa msomaji wa takwimu.

Pingamizi la tatu lina nguvu zaidi: msamiati wa vijiweni hubadilika upesi, kwa makusudi, ili polisi wasiuelewe. Kuusanifisha ni kukimbiza kivuli. Hapa inafaa kutofautisha kusanifisha na kurekodi. Hakuna haja ya kuwaamuru watu waseme vipi. Panahitajika orodha inayosema kwamba neno fulani, mahali fulani, mwaka fulani, lilimaanisha kitu fulani cha kipimo fulani. Orodha ya namna hiyo haizeeki. Kila ingizo lina tarehe yake.

5.0 Wajibu wa idara za Kiswahili

Mjadala wa wataalamu wa Kiswahili juu ya uwanja huu umeelemea kwa muda mrefu katika kiambishi: iwe dawa za kulevya au madawa ya kulevya. Mjadala huo una haki yake, na sheria ya Tanzania imekwisha kuchagua dawa. Upo pia mjadala wa mihadarati, neno lenye asili ya Kiarabu katika mzizi unaohusu ganzi, ambalo kwa maana hiyo haliifai sana kokeini wala methamfetamini, dawa zinazochangamsha. Lakini wakati ngeli ikijadiliwa, kete imeendelea kuhesabiwa bila kupimwa.

Hatua tatu zinawezekana bila fedha nyingi. Kwanza, kuandaa faharasa yenye tarehe na mahali, kwa ushirikiano wa idara za Kiswahili, BAKITA, BAKIZA na mamlaka za udhibiti wa dawa za kulevya za nchi husika. Pili, kuwahimiza waandishi wa habari wasitaje kete bila kusema ya kumeza au ya rejareja, na wasitaje unga pale ambapo aina ya dawa inajulikana. Tatu, kuwapa wanafunzi wa uzamili uwanja huu kuwa mada ya tasnifu, kwa kuwa una data halisi na una watumiaji wanaoingoja.

6.0 Hitimisho

Takwimu za dawa za kulevya hazikai rafuni. Kwa kuzitazama huamuliwa doria ipelekwe bahari ipi, misaada iende nchi ipi, na kliniki ya methadoni, kama ile iliyofunguliwa Muhimbili mwaka 2011, ijengwe mji upi. Kijana wa kijiweni mwenye vipakiti vyake 80 na msafiri mwenye vifurushi 80 tumboni hawastahili nukta moja katika ramani, wala mwitikio mmoja wa serikali: mmoja huenda anahitaji kliniki, mwingine ameubeba mzigo wa wafanyabiashara wakubwa. Anayeweza kuwatenganisha, katika hatua ya kwanza kabisa ya taarifa, ni yule anayejua maana ya neno walilokamatwa nalo.